Umestaafu? Tafuta Mwalimu Kabla ya Mtaji

Makarani wenzangu wa Shimanzi, Mombasa, wanaokaribia kustaafu huniuliza swali moja: kiinua mgongo nikitie wapi? Nami huwauliza: nani atakufundisha? Ukishampata wa kukufundisha, hata pesa kidogo hutosha kuanzia. Ukimkosa, kiinua mgongo chote huishia kwa watu wanaoijua kazi uliyoingia kukushinda wewe.

Mimi nilikuwa karani wa mizigo kwenye yadi ya makontena. Mwaka 2019, serikali ilipoagiza mizigo ya Nairobi ipakiwe kwenye treni ya SGR moja kwa moja kutoka bandarini, yadi nyingi za hapa zilipunguza watu. Septemba 2022 agizo likaondolewa na kazi zikarudi kisiwani, lakini mimi nilikuwa nimeshatimiza sitini na anayeitwa ni kijana. Siku hizi nashona kofia za vito, na wateja ninao.

Kwa nini kofia? Miaka ya kulinganisha namba za kontena na karatasi zake ilinizoesha kutazama kitu kidogo kwa muda mrefu bila kuchoka, na kofia yataka hilohilo: vishimo vidogo, uzi ukizungushwa kila kimoja, safu kwa safu, kwa wiki nyingi. Usiangalie biashara gani inalipa mtaani. Angalia kazi ya zamani imekuachia mazoea gani, halafu uliza ni nani mwingine anayeyahitaji.

Pia ujue unataka nini hasa. Mzee Kimani Maruge hakuingia darasa la kwanza kule Kapkenduiyo, Eldoret, Januari 2004, akiwa na miaka 84, kwa kutaka kupitisha wakati. Elimu ya msingi ilikuwa imefanywa bure mwaka uliotangulia, naye alitaka kujisomea Biblia mwenyewe na kuweza kuhesabu pesa zake. Mwaka uliofuata alikuwa New York akizungumzia elimu. Angalia alivyokuwa na haja inayotajika. Anayesema “nataka tu kujishughulisha” huwa amerudi barazani kabla ya mwezi kuisha.

Sasa mwalimu. Wangu ni dada mmoja wa Kibokoni, Mji wa Kale, mdogo kwangu kwa umri. Huwezi kubisha nyumba kama ile ukiwa mwanamume peke yako ukasema umekuja kufundishwa. Nilikwenda na mke wangu, tukakaa dakani, tukaamkuana na wenyewe, na habari ya kofia ikaja baada ya kahawa. Tulipatana malipo ya kila somo. Usikubali kufundishwa bure, maana kinachotolewa bure huahirishwa kila mgeni akija. Nenda saa anayotaka yeye, na kitambaa na uzi wako. Huniita ami, kwa adabu zote, kisha anaufumua mshono niliokesha nao. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwa mtu aliyewahi kusimamia vijana kazini, kuinama huko ndiko kugumu kuliko sindano yenyewe. Wenzangu wengi hushindwa hapo, wala si kwa sababu ya umri.

Na sindano yataka macho. Pima kwanza, ununue miwani, ndipo ununue uzi.

Kuhusu pesa za kiinua mgongo, wiki ile zinapoingia simu haikatiki. Binamu ana tuktuk ya kuuza, shemeji ana kiwanja Kwale, na wote wanataka jibu leo. Ziweke pesa kwenye akaunti ya muda maalumu upate kusema, bila kuvunja udugu, kwamba zimefungwa. Kabla ya hapo toa fungu la bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kwa kuwa asiye na mshahara hulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Usiutegemee msaada wa serikali wa Inua Jamii: ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na mpaka ufike miaka 70.

Soko la kofia ni Ramadhani, Idi na harusi. Usishindane na kofia za mashine, hutaziweza bei. Shona kwa oda, na uchukue arbuni kabla ya kukata kitambaa, hata kama mteja ni imamu wako. Mjukuu wangu hupiga picha na kuzituma WhatsApp, nami namlipa, si kwa soda, kwa pesa.

Wewe ambaye bado uko kazini, godaunini au bandarini, pengine unamjua tayari fundi, mkulima au mpishi ambaye kazi yake umeitamani kwa miaka. Mwendee Jumamosi hii, ungali na mshahara wa kumlipia masomo.