KANISA JIPYA NI LA NANI?
Somo kwa vikundi na kwa viongozi wa vigango vichanga



Ndugu wapendwa wa vikundi, mara hii tunaacha kidogo mambo ya mbuzi wa maziwa na kuweka akiba. Vikundi kadhaa vimetuuliza: sisi huku kwetu tunataka kuanzisha kanisa, tuanzie wapi? Ombi ni jema. Wengi wenu mnatembea mbali kila Jumapili, wazee hawafiki, na mvua ikinyesha mto haupitiki. Lakini mtatusamehe, kwa sababu hatutaanza na bei ya mabati. Tutaanza na swali ambalo watu huona haya kuliuliza: hilo kanisa litakuwa la nani?

TULIYOYAONA SISI WENYEWE

Miaka 13 iliyopita tulikuwa tukitembelea jumuiya ndogo ndogo moja ya pembeni kabisa mwa parokia. Mahali hapo hatutapataja, maana wenyewe wapo. Familia 23 zilikuwa zikisali katika darasa la shule ya msingi, na kabla ya hapo chini ya mkuyu. Kwenda parokiani ni kilomita 9. Jumapili moja, baada ya ibada, mzee mmoja mcha Mungu alisimama akasema anatoa nusu eka ya shamba lake ili kanisa lijengwe. Basi vigelegele! Kina mama walicheza hadi saa kumi jioni.

Hakuna aliyeuliza cheti cha shamba. Sisi tulikuwepo, na sisi ndio tunaofundisha vikundi habari za mapatano na maandishi. Tuliona haya. Mtu anamtolea Mungu shamba, halafu wewe unamwomba karatasi? Tukapiga makofi pamoja na wengine.

Harambee ikafanywa, ikafuata nyingine. Kina mama walibeba mchanga kwa vichwa kutoka mtoni, vijana wakafyatua matofali. Baada ya miaka 4 jengo lilikuwa limeezekwa, milango ipo, madirisha bado. Mzee ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Ufunguo ulikaa kwake, daftari la sadaka lilikaa kwake, sanduku la pesa lilikaa chini ya kitanda chake. Hakuwa mwizi, na tunalisema wazi kwa sababu baadaye watu walisema mengi. Tulipokagua daftari lile hatukukuta shilingi iliyopotea. Shida ni kwamba kila kitu kilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, na mtu hufa.

Alipofariki, wanawe wawili walirudi kutoka mjini. Cheti kilikuwa bado kina jina la baba yao, eka zote 3, bila kukatwa. Hakuna maandishi, hakuna sahihi ya shahidi. Mama yao alisema yeye hakuwahi kuulizwa nyumbani, aliyasikia kanisani kama watu wengine. Jumapili moja waumini walikuta ua wa waya na kufuli mpya mlangoni. Wazee walipoenda kwa chifu, chifu aliwaambia hana uwezo wa kugawa shamba la marehemu. Na ni kweli, hana.

Watu wakarudi chini ya mkuyu. Familia 6 hazikurudi kusali popote. Hilo linatuuma kuliko mabati.

KANISA CHANGA LA KORINTHO

Siku tuliyoitwa kwenda kuwafariji hatukuwa na la kuwaambia. Katekista wao ndiye aliyefungua Maandiko, akasema: hebu tusome habari za Wakorintho, nao walikuwa kanisa jipya lenye taabu. Tulisoma jioni tatu. Tunawaletea hapa yale tuliyoyapata, na nyinyi someni wenyewe Matendo ya Mitume sura ya 18 na barua mbili kwa Wakorintho.

Korintho ulikuwa mji wa biashara huko Ugiriki, wenye bandari mbili, moja kila upande wa shingo nyembamba ya nchi. Warumi waliubomoa mwaka 146 kabla ya Kristu, na Julius Caesar akaujenga upya mwaka 44 kabla ya Kristu, akaleta watu wa kila namna, wengi wao waliokuwa watumwa wakaachwa huru. Kwa hiyo ulikuwa mji wa wageni na watafutaji, kama senta zetu zinazoota kando ya barabara mpya ya lami.

Paulo alifika hapo karibu mwaka 50. Hakuja na fedha za wafadhili. Alikaa kwa Akila na mkewe Priskila, waliokuwa wamefukuzwa Roma, wakafanya kazi pamoja ya kushona mahema, maana ufundi wao ulikuwa mmoja. Sinagogi lilipomkataa alihamia nyumba ya jirani, kwa mtu aitwaye Titio Yusto. Kanisa la Korintho lilianza sebuleni. Jengo halikuwepo, na hatusomi popote kwamba Paulo alilidai.

Alikaa mwaka mmoja na nusu tu, kisha akaondoka. Mjadala wetu ulipamba moto hapo, kwa sababu mama mmoja aliuliza: mbona anawaacha wangali wachanga? Katekista alimjibu kwamba mtoto asiyewekwa chini hajifunzi kutembea. Jibu lilitupendeza, lakini mama yule hakuridhika, naye alikuwa na haki. Maana Paulo alipoondoka vurugu zilianza kweli.

Habari zilimfikia akiwa Efeso, zililetwa na watu wa nyumba ya Kloe. Kanisa limegawanyika: huyu anajiita wa Paulo, yule wa Apolo, yule wa Kefa. Apolo alikuwa msemaji hodari aliyekuja baada ya Paulo. Angalieni Paulo anavyojibu katika sura ya kwanza na ya tatu. Hawasifu walio upande wake. Anafurahi kwamba aliowabatiza kwa mkono wake ni wachache, ili mtu asije akajivunia jina lake. Yeye alipanda, Apolo akamwagilia maji, na mwenye kukuza si yeye wala Apolo. Mwanzilishi anayekataa kuwa na chama chake! Ni wangapi kati yetu tungeweza? Sisi wenyewe tumewahi kununa kikundi tulichokianzisha kilipomsifu mwenzetu aliyekuja nyuma yetu.

Kuna na jambo la chakula, sura ya 11. Walikuwa wakikutana kwa karamu ya Bwana nyumbani kwa mwenye nafasi. Wenye uwezo walifika mapema, wakala na kunywa. Maskini wakafika jioni wakakuta sufuria tupu. Matokeo yake mmoja ana njaa na mwenziwe amelewa, na wote wanasema wamekuja kwa Bwana. Paulo anakasirika kwelikweli. Kwetu pia jambo hili lipo, ila limevaa nguo nyingine. Siku ya harambee kuna viti vya plastiki chini ya hema kwa wageni wa heshima, na waliobeba mchanga wamesimama juani. Majina ya waliotoa 10,000 yanasomwa kwa kipaza sauti mara mbili, na mjane aliyeleta kuku hasomwi. Kanisa changa hujifunza tabia zake katika siku hizo za kwanza, na tabia hiyo ikishakaa, kuitoa ni kazi ya miaka.

Halafu pesa. Paulo alikuwa akikusanya msaada kwa maskini wa Yerusalemu. Aliagiza kila mtu aweke kando kidogo kidogo kila siku ya kwanza ya juma, kadiri alivyojaliwa. Na pesa hizo hataki kuzibeba peke yake. Wakorintho wenyewe wachague watu wanaowaamini wazipeleke. Katika barua ya pili, sura ya 8, anataja hata ndugu aliyechaguliwa na makanisa kusafiri nazo, ili asilaumiwe na mtu. Mtume mzima anaomba kukaguliwa! Basi mwenyekiti wa kigango anayesema daftari halihitajiki kwa sababu sisi ni watu wa Mungu, amejifunza kwa nani?

Msidhani Wakorintho walipona wakawa malaika. Karibu mwaka 96 Mtakatifu Klementi wa Roma aliwaandikia tena, kwa sababu walikuwa wamewaondoa wazee wa kanisa lao isivyo haki. Yaani karibu miaka 45 baada ya kuanzishwa, bado ugomvi ni wa uongozi. Mzee mmoja aliposikia hivyo alicheka kwa mara ya kwanza tangu kufuli kuwekwa, akasema: kumbe si sisi tu.

WALIVYOANZA UPYA

Hawakwenda kortini kupigania nusu eka ile. Wengine walitaka, lakini ushahidi haukuwepo, na kusoma sura ya 6 kuliwapoza. Walirudi kusali katika nyumba za watu kwa zamu, kila Jumapili nyumba nyingine. Zamu ilizunguka hadi kwa mjane wa yule mzee. Alikubali. Alipika chai ya watu wote, na mwanawe mmoja akakaa mlangoni akisikiliza.

Kiwanja cha pili walikinunua, robo eka, wakilipa kidogo kidogo kwa muda wa miaka 2. Safari hii tulivua haya. Kwanza walienda ofisi ya ardhi kufanya utafutaji, wahakikishe muuzaji ndiye mwenye jina kwenye cheti na shamba halina deni. Mapatano yaliandikwa, yakatiwa sahihi mbele ya mashahidi, maana sheria yetu haitambui ununuzi wa ardhi kwa mdomo. Mke wa muuzaji aliitwa akasema mwenyewe kwamba amekubali. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hairuhusu mali ya ndoa kuuzwa wala kutolewa zawadi bila mwenzi kukubali. Kisha bodi ya ardhi: shamba la kilimo haliwezi kukatwa wala kuhamishwa bila idhini ya bodi, na ombi lipelekwe kabla ya miezi 6 kupita tangu mapatano. Wengi huchelewa hapo, na mapatano yao huwa bure. Mpima mashamba akaweka mawe, na cheti kikaandikwa kwa jina la wadhamini waliosajiliwa wa jimbo. Hakikuandikwa jina la mwenyekiti, wala la katekista, wala la padre.

Wenzetu wa madhehebu mengine mlio katika vikundi, kwenu jambo hili ni zito zaidi kwa sababu nyuma yenu hakuna jimbo. Kanisa jipya linatakiwa kusajiliwa kwa Msajili wa Vyama, likiwa na katiba na maofisa wanaojulikana, na kila mwaka kupeleka taarifa ya maofisa na hesabu. Ardhi ishikwe na wadhamini. Msione hizo kuwa karatasi za serikali za kuwasumbua. Tangu mwezi wa Aprili 2023, miili ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, hadi ikapita 400, watu wana haki ya kumwuliza mhubiri yeyote: wewe nani anakuuliza? Ni nani anayeweza kukwambia hapana nawe ukatii? Asiye na jibu la swali hilo asipewe watoto wetu.

MWANZILISHI ANAPOKUWA NA UCHOVU

Neno moja kwa mliobeba kazi hii. Tunawajua. Mnafungua kanisa saa moja asubuhi, mnafagia, mnaongoza ibada, mnazika, mnapatanisha, na jioni shamba lenu limejaa magugu. Mke analalamika, na ana sababu. Makatekista wengi hupewa kidogo sana au hawapewi kitu. Paulo mwenyewe hakuwalemea Wakorintho, lakini ndugu kutoka Makedonia walimsaidia. Kwa hiyo tunaviomba vigango viweke kwenye hesabu, tangu mwezi wa kwanza, kitu cha katekista, hata kama ni debe la mahindi.

Nawe uliyeanzisha, tafuta mtu wa kumwachia kazi ungali na nguvu. Katika kigango hiki tunachokisimulia, mwenyekiti sasa hukaa miaka 3, na akichaguliwa tena ni mara moja tu. Ufunguo uko kwa mama mmoja, daftari kwa mwingine, na pesa ziko benki kwa sahihi 3. Kila mwisho wa mwezi hesabu husomwa kwa sauti, pamoja na kuku na mayai. Mwanzoni wazee waliona ni dharau. Sasa wao ndio wanaouliza maswali mengi zaidi.

Jengo bado halina sakafu ya simiti.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

Kanisa lenu, au nyumba ya kikundi chenu, imejengwa juu ya ardhi ya nani? Kuna mtu kati yenu aliyekiona cheti kwa macho yake?

Mwenyekiti wenu akilazwa hospitali leo, ni vitu gani vitakwama kesho?

Siku ya harambee iliyopita ni nani walikaa kivulini na ni nani walisimama juani?

Someni 1 Wakorintho 3. Je, kati yenu kuna walio wa huyu na walio wa yule? Zungumzeni bila kutaja majina kwanza, kisha muone kama mnaweza kuyataja kwa upendo.

Wale wana wawili wa mzee, nyinyi mngewaendea namna gani?