SOMO LA VIKUNDI: MAJI HUONDOKA, TOPE HUBAKI



Tulipozungumza na akina mama wanaopwaa katika mikoko ya Mkono wa Tudor, upande wetu huu wa Kisauni, mmoja alituuliza: "Sasa nyinyi mkitangaza ati maji ni machafu, chaza wangu atanunua nani? Na watoto wangu watakula nini?" Hatukuweza kumjibu papo hapo. Somo hili ndilo jibu letu.

LENGO LA SOMO: Kikundi kijue kuchunguza maji na tope la ufuoni, kijue lipi kinaweza kulipima chenyewe na lipi ni la maabara.

Maji hutudanganya

Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Uchafu uliomwagwa asubuhi, jioni huuoni tena. Basi tunasema bahari imejisafisha. Sivyo kabisa! Madini kama risasi na kadimiamu hayaozi. Hushikamana na chembe ndogo za udongo, huzama nazo, na kukaa katika tope miaka mingi. Mafuta pia hujificha humo. Kwa hiyo chupa ya maji hutupa habari za leo, lakini tope hutupa habari za miaka iliyopita.

Kaa, tondo na minyoo hula katika tope hilo. Chaza naye huchuja makumi ya lita za maji kwa siku moja, na kilichomo humbakia mwilini. Samaki huwala hao, nasi tunawala samaki. Kupika vizuri huua vijidudu vya choo, lakini risasi haiondoki kwa moto. Nayo risasi huharibu ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo.

Mkono wa Tudor hupokea maji taka kutoka kisiwani, Mikindani na kwetu Kisauni. Mito ya Kombeni na Tsalu nayo huleta udongo kutoka bara. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya bahari na uvuvi iliyo hapa jirani Mkomani, wamepima risasi na kadimiamu katika maji, tope na samaki wa Mombasa. Makupa, karibu na lilipokuwa jaa la Kibarani, ni mojawapo ya mahali walipoona uchafu wa madini katika tope.

Tujifunze kwa Owino Uhuru

Huko Changamwe, katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007. Watu waliona moshi na maji yakitiririka, lakini risasi yenyewe haionekani kwa macho. Phyllis Omido alijua baada ya mtoto wake kuugua na kupimwa damu. Alipofuatilia, watoto wengine nao walikutwa na risasi mwilini. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, lakini sumu ilibaki ardhini. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3. Rufani ikatengua, na Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu ile. Vipimo vilivyoandikwa vilikuwa silaha yao.

HATUA ZA KUFUATA

1. Choreni ramani. Onyesheni mitaro, vyoo vilivyo karibu na maji, gereji, majaa, na mahali mnapovua. Msiwaonyeshe jirani tu, yenu nanyi iandikeni. Mtaro wa sabuni na choo cha mwenyekiti viwemo!

2. Chagueni mahali patatu: mdomoni mwa mtaro, hatua mia moja kutoka hapo, na mahali pa mbali ambapo hakuna mtaro. Bila mahali pa kulinganisha, kipimo hakina maana. Nendeni kila mwezi, maji yakiwa yamekupwa kiasi kile kile. Vaeni buti na glavu, na watoto wasiende.

3. Angalieni maji. Mkiona rangi za upinde wa mvua juu yake, gusieni kwa kijiti. Zikivunjika vipande vipande na kubaki hivyo, huenda ni vijidudu vya asili vya kutu. Zikirudi kushikana upesi, hayo ni mafuta. Kupima weupe wa maji, chukueni kifuniko cheupe cha ndoo, kifungeni jiwe na kamba yenye mafundo, mkishushe kutoka mtumbwini. Andikeni kimepotelea fundo la ngapi.

4. Angalieni tope. Hapa tuwe waangalifu. Tope la mikoko ni jeusi na hunuka kama yai viza hata pasipo uchafu wowote. Harufu hiyo peke yake si ushahidi. Tafuteni harufu ya mafuta, utelezi, au mabadiliko tangu mwezi uliopita.

5. Hesabuni viumbe. Pimeni mraba wa mita moja, mhesabu matundu ya kaa na tondo walio hai. Mahali pa mbali pakiwa na wengi na mdomoni mwa mtaro hakuna, hapo pana neno.

6. Andikeni yote: tarehe, saa, mvua, mlichoona, na jina la aliyeona. Andikeni "tumeona mafuta", msiandike "fulani amemwaga mafuta" kama hamkumwona.

7. Nendeni maabara. Risasi na vijidudu vya choo haviwezi kupimwa kwa macho. Ulizeni maabara kwanza, kwa maana kila kipimo kina chombo chake. Kwa madini, hutumika kijiko cha plastiki, si cha chuma, na huchotwa tope laini la juu, sentimita mbili hivi. Msilinganishe tope na mchanga, kwa kuwa tope hushika sumu zaidi. Mkipata jambo la kutia shaka, pelekeni daftari lenu kwa NEMA na ofisi ya kaunti, mbaki na nakala.

Tumjibu mama

Mama, hatutatangaza tusichokijua. Lakini tukinyamaza, mnunuzi akaugua, soko litakufa lote. Tukipima, huenda tukakuta kwamba chaza wa karibu na mtaro waachwe na wale wa mbali hawana neno. Hapo utauza ukiwa na ushahidi mkononi. Na ikiwa wote wameharibika, kikundi kizima kitakwenda kudai haki nawe, hutakwenda peke yako.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Someni Ezekieli 34:18. Ni nani leo anayechafua maji kwa miguu yake, na ni nani anayebaki kuyanywa?
2. Katika ramani yetu, ni uchafu upi tunaoweza kuuzuia wenyewe mwezi huu?
3. Nani atatunza daftari, na nani atamsaidia?
4. Tukikuta mahali pabaya, tutawasaidiaje wanaovua hapo?

Frere Town ilianzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa CMS kuwa makao ya watumwa waliokombolewa. Wazee walitundika kengele ya kuonya watu hatari ikija, na jina la Kengeleni likatokana nayo. Daftari la kikundi nalo liwe kengele yetu. Basi tusingoje hatari ifike mlangoni ndipo tuipige.