SOMO LA 14: KUPIMA UIMARA WA KONEA BILA KUIGUSA

Katika somo lililopita tulijifunza sehemu za jicho. Tuliona kuwa konea ndiyo sehemu ya mbele kabisa. Konea hupitisha mwanga kama kioo, na unene wake katikati ni nusu milimita hivi. Kazi yake kubwa ni kupindisha miali ya mwanga. Ili tuone vizuri, ni lazima konea idumishe umbo lake.

Kwa watu wengine konea hudhoofika, hupungua unene na kuchomoza mfano wa pia. Ugonjwa huu huitwa keratokonasi, na mara nyingi huanza ujanani. Mgonjwa huona vitu vimepotoka. Ugonjwa ukigunduliwa mapema, waganga waweza kuuzuia usiendelee. Je, uimara wa konea hupimwaje pasipo kuliumiza jicho?

Njia mojawapo ni kutumia hewa. Kifaa hupuliza hewa kidogo juu ya konea kwa muda mfupi sana. Konea husukumwa ikawa bapa, kisha hubonyea. Hewa inapopungua, konea huwa bapa mara ya pili, halafu hurudia umbo lake. Mwanga usioonekana kwa macho huakisiwa na konea na kukionyesha kifaa nyakati hizo mbili. Kanieneo ya hewa ya mara ya kwanza huwa kubwa kuliko ya mara ya pili, kwa sababu konea hufyonza sehemu ya nishati. Konea iliyodhoofika kwa kawaida huonyesha tofauti ndogo. Njia hii ilielezwa na David Luce wa Marekani mwaka 2005. Vifaa vingine hutumia kamera ipigayo picha zaidi ya 4,000 kwa sekunde moja.

Jaribio
Vifaa: makopo mawili, vipande viwili vya puto, uzi, na mrija mkavu wa jani la mpapai.
1. Funika kopo la kwanza kwa kipande cha puto kilichokazwa sana. Funika la pili kwa kipande kilicholegea. Funga kwa uzi.
2. Puliza kila kipande kwa mrija, kwa nguvu ile ile na kutoka umbali ule ule.
3. Ni kipande kipi kimebonyea zaidi?

Angalizo: Usimpulizie mtu yeyote machoni.

Maswali
1. Konea ina kazi gani?
2. Kwa nini umbali wa mrija usibadilike katika jaribio?
3. Konea huwa bapa mara ngapi inapopimwa? Eleza.