SOMO LA IJUMAA: KUACHA SIGARA, NA NAMNA YA KUPITA WIKI ZA MWANZO



Ndugu yangu Muislamu, na wewe dada uliyeipata karatasi hii mkononi mwa mume wako au mtoto wako. Ijumaa iliyopita, baada ya sala, nilisimama penye mlango wa msikiti nikitafuta viatu vyangu. Kabla sijavivaa nilihesabu watu wanne waliokwisha kuwasha sigara, na hata barabarani hatujafika. Sikuwakaripia. Mimi mwenyewe nilivuta miaka 14, na mlango huo huo ndio uliokuwa mahali pangu. Kwa hiyo somo la leo si la kukuambia kwamba sigara ni mbaya. Hilo unalijua, umelisikia kwa mke wako, kwa mganga, na kwa kifua chako mwenyewe usiku. Somo hili ni la mtu aliyekwisha kutaka kuacha, lakini hajui atazipita vipi siku zile za kwanza.

Neno moja tu juu ya hukumu, maana wengi wenu mtaniuliza. Tumbaku haikuwako Uarabuni zama za Mtume (s.a.w.). Ilitoka Amerika, ikawafikia Waislamu karibu na mwaka 1600, na wanavyuoni wa wakati ule wakabishana sana: wako walioiruhusu, wako walioichukia, wako walioiharamisha. Hawakuwa na habari ya kansa ya mapafu. Leo Shirika la Afya Duniani linasema kwamba tumbaku huua mpaka nusu ya wale wanaoitumia bila kuacha. Ni watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na ndani yao zaidi ya milioni moja hawakuvuta wenyewe. Walivuta moshi wa wengine tu, nyumbani na kazini. Kwa sababu ya habari hizo wanavyuoni wengi wa zama zetu wanasema ni haramu. Ukitaka kuendeleza ubishi, mtafute sheikh wako. Hapa tuingie kazini.

Kinachokushika kinaitwa nikotini. Ukivuta moshi, inafika kwenye ubongo kwa muda wa sekunde 10 mpaka 20 hivi, nawe unasikia raha kidogo. Baada ya muda wa saa mbili hivi, nusu yake imekwisha kutoka katika damu, na ubongo unaanza kudai. Basi ile raha unayoipata katika sigara ya saa nne asubuhi, kwa sehemu kubwa, ni kuondolewa udhia ulioletwa na sigara ya saa mbili. Ni sawa na mtu anayekukopesha franka ili umlipe deni lake yeye mwenyewe, na wewe unamshukuru.

Sasa nisikilize vizuri juu ya Ramadhani, kwa maana hapa ndipo penye faida kubwa. Wewe unasema huwezi kuacha. Lakini kila mwaka unaacha siku 29 au 30, tangu alfajiri mpaka magharibi. Sisi watu wa Maniema tunakaa karibu na ikweta. Saumu yetu haitoki sana kwenye saa 13 na nusu, Ramadhani ije kiangazi au ije wakati wa mvua. Saa 13 bila moshi! Na unafanya kazi, unakwenda sokoni, unasukuma kinga yenye mzigo, unakaa pamoja na wasiofunga wanaovuta mbele yako. Nani amekushika mkono?

Tena ukiwauliza wavutaji wanaofunga, wengi watakuambia jambo moja: mchana hamu haisumbui sana, inaanza kukaza jua likianza kuteremka. Jambo hilo limepimwa. Mwaka 2010 ulitoka utafiti juu ya wahudumu wa ndege ambao ni wavutaji. Ndani ya ndege hawaruhusiwi kuvuta. Waliulizwa habari ya hamu yao katika safari fupi za saa 3 mpaka 5 na nusu, na katika safari ndefu za saa 8 mpaka 13. Mtu angefikiri kwamba hamu inapanda kwa hesabu ya saa. Sivyo. Ilipanda ndege ilipokaribia kutua, safari iwe fupi au iwe ndefu. Yule aliye mwisho wa safari fupi aliteseka kuliko yule aliye katikati ya safari ndefu, na wote wawili wamekaa bila sigara muda ule ule.

Maana yake nini kwako? Hamu inafuata ruhusa. Mlango ukifungwa kabisa inalala. Ukiuacha wazi kidogo inasimama na kukungoja. Kwa hiyo usiseme: "Nitaacha, ila moja baada ya chakula cha jioni." Hiyo moja ndiyo magharibi yako, na mchana mzima utakuwa unaitazamia. Na hii ndiyo sababu Ramadhani peke yake haijatuponya. Tunaona mtu anangoja adhana, tende mkono wa kuume, sigara mkono wa kushoto. Mwili wake umefunga, lakini niya ya kuacha hakuifanya. Ukitaka kuitumia Ramadhani, fanya niya ya usiku pia. Kazi yenyewe iko baada ya futari, si kabla. Na kama Ramadhani iko mbali, usiingoje, chagua siku ndani ya wiki hizi mbili.

Je, kuacha kwa mara moja au kupunguza polepole? Mwaka 2016 huko Uingereza walilinganisha watu karibu 700. Wengine waliacha kwa siku moja, wengine walipunguza kwa wiki mbili kisha wakaacha, na wote walipewa dawa na mashauri. Baada ya wiki nne, katika kila mia ya wale wa siku moja 49 walikuwa bado hawajavuta. Katika wale wa polepole 39. Baadaye wengi walirudia katika pande zote mbili, lakini wale wa siku moja waliendelea kuwa mbele. Mimi nilipunguza polepole mara ya kwanza. Nilifika sigara tatu kwa siku, na hizo tatu nilizipenda kuliko kumi na tano za zamani.

Ujue sasa yatakayokujia. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kuliko zote. Utakuwa na hasira za upesi, usingizi mbovu, kichwa kizito, njaa, tumbo kufunga, mawazo kutotulia. Wengine wanakohoa zaidi kuliko zamani, wanadhani kuacha kumewaletea ugonjwa. Mengi ya hayo yanapungua ndani ya wiki mbili mpaka nne. Njaa hukawia zaidi. Wengi wanaoacha bila msaada wowote hurudia ndani ya siku nane za kwanza. Kwa hiyo kama ziko siku za kujilinda kama mgonjwa, ni hizo nane.

Waambie watu wa nyumba yako. Mara ya kwanza mimi sikumwambia mtu, nilitaka niwashangaze. Siku ya nne niligombana na mama watoto kwa ajili ya chumvi ndani ya sombe, nikainuka mezani, nikatoka. Maskini mwanamke yule alifikiri nimepata mke mwingine. Nilipomweleza ukweli jioni alicheka, kisha akaniuliza kwa nini sikusema, angewaambia watoto wasinikaribie kwa siku chache. Lakini wakati ule nilikuwa nimekwisha kuvuta mbili.

Na wewe dada, mume wako akikuambia ameacha, usimwambie mbele ya wageni: "Huyu? Tutaona." Mpikie, mnyamazie, mhesabie siku.

Hamu yenyewe, ikija, inapanda kama wimbi, inafika juu, inashuka. Mara nyingi ni dakika tatu mpaka tano, mara chache hupita kumi. Haikungoji umalize kubishana nayo. Usibaki ulipo. Inuka, nenda penye maji, tawadha taratibu, kiungo kwa kiungo. Utakapomaliza miguu, dakika zile zimepita. Kisha mswaki mdomoni. Mkono na mdomo vimezoea kazi, vipe kazi nyingine. Karanga za kukaanga, kipande cha tangawizi, muwa. Nilikula muwa mwezi ule mpaka watoto wakaniita mdudu wa shamba.

Juu ya kahawa kuna jambo ambalo wachache wanalijua. Moshi wa sigara unaliharakisha ini kuivunja kahawa mwilini. Ukiacha sigara na ukaendelea na vikombe vile vile vinne, kahawa inakaa ndani yako muda mrefu zaidi, moyo unapiga, mikono inatetemeka, usingizi unakukimbia, na wewe unasema: "Ni sigara ninayoikosa." Punguza kahawa iwe nusu. Kunywa maji.

Jihadhari na mahali. Kila mvutaji ana milango yake: baada ya chakula, penye butike inayouza sigara moja moja, pamoja na rafiki fulani, na kwetu hapa, mlango wa msikiti. Kwa wiki nne badilisha njia. Ukitoka kusali, baki ndani kidogo kwa tasbihi mpaka wavutaji waondoke. Kibiriti kisikae mfukoni. Mtume (s.a.w.) aliwataka waliokula vitunguu saumu vibichi wasikaribie msikiti kwa sababu ya harufu, na vitunguu ni chakula halali. Shati lako unalijua harufu yake.

Mahali palipo pabaya kuliko pote ni kwenye kilio. Mara ya pili nilifika siku ya 19. Akafa mjomba wangu. Usiku tumekaa nje penye moto, kila mtu ana huzuni, paketi inapita mkono kwa mkono kama maji. Niliona aibu kukataa. Asubuhi nilinunua yangu. Ukienda kwenye kilio katika wiki hizi, kaa pamoja na wazee wanaosoma, na mtu mmoja ajue kwamba umeacha.

Kama umeteleza, sikia: mwenye udhu uliovunjika hasemi "basi, leo sisali tena." Anarudi kwenye maji. Sigara moja ni sigara moja. Tupa iliyobaki saa ile ile na uendelee. Kinachomwangusha mtu ni lile neno "nimekwisha haribu."

Dawa ziko. Bazoka na plasta zenye nikotini zimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009, na zinaongeza matumaini ya kufaulu. Katika miji yetu si rahisi kuzipata. Ukiletewa na ndugu kutoka mbali, muulize kwanza muuguzi. Usinunue unga wa sokoni usiojulikana. Na shisha, ugoro na bangi si dawa ya kuacha sigara. Kijana anayesema "mimi nimehamia shisha, ina maji" ajue kwamba maji hayauondoi ule usumu. Katika saa moja ya shisha anavuta moshi mwingi kuliko wa sigara nyingi.

Tena, kikohozi kikipita wiki mbili, usikihesabu kuwa cha sigara. Nchi yetu ina kifua kikuu kingi, na mvutaji yumo hatarini zaidi. Nenda kituo cha afya wakupime makohozi.

Hesabu ya pesa uifanye mwenyewe: sigara 10 kwa siku ni 300 kwa mwezi, ni 3,650 kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya butike yako, uandike jibu ukutani.

Mimi si pesa iliyonishinda. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa mwenye kifua, kila mwezi tuko kwa muuguzi. Siku moja yule muuguzi, kabla ya kumgusa mtoto, alinusa shati langu. Hakusema neno. Alimtazama mtoto, akanitazama. Niliacha wiki ile, mara ya tatu, na sikurudi.

Watakaoanza kesho Jumamosi, tutakutana barazani baada ya sala ya Isha, kila jioni kwa siku nane. Hakuna hotuba, kila mtu aseme mchana wake ulikuwaje, tunywe chai ya tangawizi, twende kulala. Wanne wale wa mlangoni nimekwisha kuwaambia, na watatu wamekubali. Wa nne alisema atakuja akimaliza paketi yake. Aje nayo kama ilivyo. Choo kiko nyuma ya baraza.

Wabillahi tawfiq.