SOMO LA AFYA: TUHESABU PUMZI ZA MTOTO ANAYEKOHOA

Katika somo hili tutatumia mambo mawili mliyojifunza kisomoni: kuhesabu na kusoma saa. Wapo waliowahi kutuuliza, "Mwalimu, mimi mkulima, saa ya nini? Jua linanitosha." Leo tutawajibu.

Msimu mmoja wa mvua tulikuwa tunafundisha darasa la jioni. Akaja mama mmoja na mtoto wake mgongoni. Mtoto alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minne. Alikuwa anakohoa na kamasi zinamtoka. Mama akauliza, "Mwalimu, huyu mtoto vipi?" Tukamgusa paji la uso, tukamwambia, "Mafua tu hayo, mama. Yatapita." Tukaendelea na hesabu zetu za kujumlisha kwa punje za mahindi.

Siku ile tulisema kweli. Yalikuwa mafua. Kosa letu ni kwamba hatukumwambia aangalie nini kesho na keshokutwa. Usiku wa siku ya tatu baba yake alikuja kutugongea mlango. Mtoto hataki kunyonya, anahema kama aliyekimbizwa. Tukampeleka kwa baiskeli hadi kituo cha afya. Muuguzi alimfunua nguo, akatazama saa yake, akanyamaza kimya dakika nzima. Akasema, "58." Mtoto akalazwa, akawekewa oksijeni na kuchomwa sindano. Baada ya siku sita akarudi nyumbani mzima.

Yule mama hakutulaumu. Alituuliza tu, "Mwalimu, ile ya saa mbona hukutufundisha?"

Mafua ni nini, na kichomi ni nini?

Mafua huletwa na virusi. Hivi ni vijidudu vidogo sana, vidogo hata kuliko bakteria. Huingia kwa njia ya pua, mdomo na macho. Mgonjwa akikohoa au kupiga chafya, huvirusha hewani pamoja na matone ya mate. Akipangusa kamasi kwa mkono kisha akakushika mkono, amekupa. Virusi ni vya aina nyingi. UVIKO-19, uliofika nchini kwetu mwezi Machi 2020, nao uliletwa na virusi vya namna hiyo, na ndiyo sababu wakati ule kila nyumba ilitundika kibuyu chirizi. Vibuyu vingi sasa vimekauka. Vijazeni maji tena, kwa sababu mafua hayakuondoka.

Mtoto mdogo anaweza kupata mafua mara 6 hata 8 kwa mwaka. Mara nyingi huisha yenyewe katika siku 7 hadi 10. Kikohozi hubaki nyuma kidogo, nacho hutoka. Mtoto wa namna hii anakohoa lakini ananyonya, anacheza, analia kwa nguvu. Huyu hahitaji dawa za kuua bakteria. Dawa zile haziui virusi hata kimoja. Tunalisema hili kwa sababu tunajua yaliyomo ndani ya masanduku yetu: vile vidonge vya rangi mbili vilivyobaki mwaka jana alipougua babu, tunavifungua na kumkorogea mtoto unga wake katika kijiko. Havimsaidii mafua, na bakteria huzoea dawa. Siku anapougua kweli, dawa haifanyi kazi.

Lakini mara nyingine ugonjwa hushuka kutoka puani na kooni hadi ndani ya mapafu. Huko ndiko kwenye kichomi, au nimonia. Virusi vyenyewe vinaweza kukileta. Au virusi huchubua njia ya hewa, na bakteria wakapata mlango. Vifuko vya hewa ndani ya mapafu hujaa majimaji, hewa haipiti vizuri, na mtoto huhema haraka ili kufidia. Kwa hiyo sauti ya kikohozi haitoshi kutuonyesha kichomi. Kikohozi kikubwa cha kutisha kinaweza kuwa mafua tu, na mtoto anayekohoa kidogo akawa mahututi. Kinachotuonyesha ni pumzi.

Jinsi ya kuhesabu

Subiri mtoto atulie. Asiwe analia wala kunyonya. Akiwa amelala ni vizuri zaidi. Pandisha nguo yake uone kifua na tumbo. Kila vinapopanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika moja kamili. Usihesabu robo dakika ukazidisha kwa nne, maana pumzi za mtoto hazilingani: huenda mbio, zikatulia, zikaenda mbio tena.

Dakika utaipataje? Kama una saa yenye mshale wa sekunde, mshale uzunguke mara moja. Kama una simu ya kitochi, angalia tarakimu za mwisho. Zikibadilika tu, anza. Zikibadilika tena, acha. Ni vizuri mkiwa wawili, mmoja macho kwenye saa na mwingine macho kwenye kifua. Ukipotea katika hesabu, rudia tangu mwanzo. Hakuna aibu. Hata wauguzi hurudia.

Sasa andika namba hizi kwenye karatasi, uibandike ukutani pale unapotundika kadi ya kliniki:

Mtoto chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi ni haraka mno.
Miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka 1: pumzi 50 au zaidi.
Mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5: pumzi 40 au zaidi.

Mtoto akifikia namba ya umri wake, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Usingoje siku ya kliniki. Na huyu mchanga wa chini ya miezi 2, akigoma kunyonya, akiwa na homa au mwili ukiwa wa baridi, mpeleke hata kama pumzi hujazihesabu.

Ziko dalili ambazo hazingoji saa. Akivuta hewa, sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani badala ya kutoka nje. Hawezi kunywa wala kunyonya. Anatapika kila kitu. Amepata degedege. Amelegea, haamki vizuri. Anakoroma au kutoa mlio mkali akivuta pumzi hali ametulia. Midomo imekuwa ya bluu. Ukiona hata moja, ondoka, iwe mchana au usiku. Kama ni baiskeli, baiskeli. Kama ni bodaboda ya mkopo, jirani atadaiwa baadaye.

Kumfuatilia mgonjwa

Hapa ndipo tulipoteleza sisi. Kusema "ni mafua" ni jibu la leo tu. Chukua daftari lako la kisomo, ukurasa wa nyuma. Andika siku, idadi ya pumzi, na kama amenyonya au kula. Hesabu asubuhi na jioni. Ukiona 32, kesho 35, keshokutwa 39, usijifariji kwamba bado haijafika 40. Mtoto huyo anapanda mlima. Nenda na daftari zahanati, umwonyeshe mganga. Mganga amemwona mtoto kwa dakika chache. Wewe umemwona siku tatu.

Akiwa na mafua tu, aendelee kunyonya mara nyingi zaidi. Aliyezidi miezi 6 apewe pia vinywaji vya uvuguvugu. Asali ni kwa aliyetimiza mwaka 1. Chini ya hapo usimpe kabisa. Aspirini asipewe. Mtoe kwenye moshi wa kuni. Tunajua mvua inanyesha na jiko ni hilo hilo, lakini moshi huongeza hatari ya kichomi. Siku 5 zikipita bila nafuu, arudi zahanati. Akiwa na homa apimwe na malaria, kwa maana magonjwa hayo mawili yanaweza kumkuta mtoto mmoja kwa pamoja.

Akipewa dawa ya kichomi, amalize dozi yote hata akianza kucheza, na arudishwe baada ya siku 3 aangaliwe. Hali ikizidi kuwa mbaya kabla ya hapo, asingoje.

Kuhusu kukata kimeo, tunajua wazee wetu wanasema kikohozi kisichoisha ni kimeo kirefu. Shikamooni wazee, lakini hapo hatukubaliani. Kimeo hakileti kichomi. Kukikata kwa kisu huleta damu nyingi, usaha na hata pepopunda. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, kwa mtoto au mtu mzima, kipelekwe kupimwa kifua kikuu.

Chanjo nazo zinasaidia. Tangu mwaka 2013 watoto wetu wanapata chanjo ya kuzuia bakteria mmojawapo anayeleta kichomi kikali. Chanjo ya surua pia inalinda mapafu, maana surua huwaachia wengi kichomi. Angalieni kadi zenu leo hii, someni tarehe wenyewe.

Zoezi

Jirani ana watoto wawili wanaokohoa. Mmoja ana miezi 8, mwingine ana miaka 2. Kila mmoja amehesabiwa pumzi 46. Wote wananyonya au kula vizuri. Yupi apelekwe zahanati leo, na kwa nini? Yule mwingine utamfanyia nini hadi kesho jioni? Jadilianeni katika kikundi, kisha kila mmoja ahesabu pumzi za mtoto wa nyumbani kwake akiwa amelala usiku huu, aandike namba. Na saa mpeane zamu, asiisome mwenye simu peke yake.