VITA VYA WANANDI: VILIANZAJE, VILIDUMUJE?

Ukitaja vita vya uhuru darasani, utasikia mtu akiruka: "Mau Mau!" Sawa, hajakosea. Lakini nusu karne kabla ya hapo, majirani na ndugu zetu Wanandi walipigana na Waingereza kuanzia 1895 hadi 1905. Hebu tujiulize: watu wa mikuki na ngao walimzuiaje mwenye bunduki kwa miaka kumi?

Vilianzaje?
Mwaka 1895 mfanyabiashara Mwingereza, Peter West, aliuawa alipojaribu kupita katika nchi ya Wanandi. Serikali ikatuma askari. Kisha ikaja reli, iliyofika Kisumu Desemba 1901. Wanandi walikata nyaya za simu wakafanya mapambo, wakang'oa vyuma vya reli wakafua silaha. Mkoloni aliwaita wezi. Lakini je, nani aliyeingia kwa mwenzake bila hodi?

Vilidumuje?
Ushujaa peke yake haukutosha. Kwanza, walikuwa na kiongozi mmoja aliyesikilizwa na wote, Orkoiyot Koitalel arap Samoei. Pili, walikuwa na mpangilio. Nchi iligawanywa katika sehemu zilizoitwa pororiet, kila moja na baraza lake na vijana wake wa vita, na wajumbe wa Orkoiyot walihudhuria mabaraza hayo. Tatu, waliijua nchi yao. Walivizia msituni na milimani, wakashambulia na kutoweka. Majeshi yalitumwa 1895, 1897, 1900, 1903 na 1905. Mara tano jamani!

Vilikwishaje?
Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel aliitwa kwenye mazungumzo ya amani. Badala ya amani alipata risasi ya Richard Meinertzhagen. Baadaye askari waliteketeza nyumba na kuchukua maelfu ya ng'ombe, na watu wakahamishwa. Maana yake ni kwamba adui alikuwa amegundua nguzo za vita: kiongozi, chakula na ardhi. Akazipiga zote.

Na sisi wa Kericho na Bomet?
Kaka yake Koitalel, Kipchomber arap Koilegen, alikuwa amehamia kwa Wakipsigis akawa Orkoiyot wao. Mkoloni alijua kwamba moto ukizimwa huku unaweza kuwaka kule. Mwaka 1914 Kipchomber na ndugu zake wawili walipelekwa uhamishoni. Mwaka 1934 ikatungwa sheria, na ukoo mzima wa Talai ukahamishwa hadi Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, kwenye mbung'o na malaria. Wakati huo mashamba makubwa ya majani chai yalikuwa yameanza kutanda hapa petu. Mwana wa Koitalel, Barsirian arap Manyei, alizuiliwa tangu 1923 hadi 1964, yaani hata uhuru wa 1963 ulimkuta bado kifungoni!

Fundisho
Wahenga walisema umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Wanandi walidumu kwa sababu ya mpangilio, si kwa hasira. Basi ukipita kando ya majani chai jioni, usione kijani tu. Nenda nyumbani ukamwulize babu au nyanya: hapa palikuwa pa nani?

Maswali ya kujipima
1. Taja mambo matatu yaliyowawezesha Wanandi kupigana kwa miaka kumi.
2. Kwa nini mkoloni aliwaogopa Talai hata baada ya vita kwisha?