Kabla ya Kubeti kwa Simu: Jua Pesa Zako Ziko kwa Nani na Leseni ni ya Nani

Ukituma shilingi 500 kwa Paybill ya kampuni ya kubeti, hizo pesa ziko wapi sasa?

Wengi husema, "Si ziko tu kwa simu?" Hapana. Salio lako la pesa za simu linalindwa na sheria ya mifumo ya malipo ya mwaka wa 2011 na kanuni zake za 2014: pesa za wateja huwekwa benki kwenye akaunti ya amana, kando na pesa za kampuni. Lakini ukishaweka PIN na ujumbe wa kuthibitisha ukaingia, zimekuwa salio la akaunti yako ya kubeti. Usalama wake sasa unategemea kampuni hiyo, na leseni yake.

Wanaokumbuka Julai 2019 wanajua haya si maneno tu. Leseni za kubeti zilikuwa za mwaka mmoja, na mwaka huo serikali ilikataa kuzihuisha za kampuni 27 kwa sababu ya mzozo wa ushuru. Bodi ya kutoa leseni, BCLB, iliagiza Paybill zao zifungwe. Kuanzia Tom Mboya hadi Kangemi na Kawangware, watu waliokuwa na salio huko walianza kuharakisha kulitoa. Kufikia mwisho wa Septemba, SportPesa, jina lililokuwa kwenye jezi za Gor Mahia na AFC Leopards, ilitangaza kusitisha shughuli zake nchini. Jina hilo lilirudi baadaye, likiwa na kesi mahakamani kuhusu nani ana haki ya kulitumia.

Hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Leseni hupewa kampuni iliyosajiliwa, si jina la kwenye bango. SportPesa ile ya kwanza iliendeshwa na kampuni iitwayo Pevans East Africa. Kwa hivyo soma masharti yaliyo chini kabisa ya tovuti, utafute jina la kampuni na nambari ya leseni, kisha ulinganishe na jina linalotokea kwenye simu yako kabla ya kuthibitisha malipo. Yasipolingana, uliza kwanza.

Agosti 2025 Rais alitia sahihi sheria mpya ya kudhibiti kamari, inayochukua nafasi ya ile ya 1966 na kuunda mamlaka mpya badala ya BCLB. Umri wa chini ni miaka 18. Kwa hivyo laini yako isitumiwe na kijana wa nyumbani kubeti, hata akikusihi aje.

Ushuru nao ulibadilika Julai 2025: asilimia 5 ya unachoweka, na asilimia 5 ya unachotoa. Yaani hata pesa ambazo hukubeti nazo hukatwa zikiingia na zikitoka. Ndiyo maana sisi hatupendi kuona mtu akiifanya akaunti ya kubeti kuwa kibubu chake.

Na wale wa Telegram wanaouza "mechi zilizopangwa"? Hawana leseni ya kitu chochote. Dalili ni kwamba wanataka utume kwa nambari ya simu ya mtu. Ukishatuma, hifadhi ujumbe wa malipo na upigie huduma kwa wateja mara moja. Akishazitoa kwa ajenti, hakuna salio la kurudisha.